Wastani wa gofu ya simu umeganda: jibu kwa msomaji wa Ligula, Mtwara

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ligula, Mtwara mjini, nauza vifaa vya simu. Tangu mwaka jana nacheza gofu ya mtandaoni, ile ya kuweka nguvu halafu unabonyeza sindano ikifika kwenye mstari. Nikifunga duka napiga raundi mbili tatu kila usiku. Kwenye uwanja wa mazoezi mpira unakwenda ninapotaka, lakini nikiingia mashindanoni mikono inakuwa si yangu. Wastani wangu umeganda kwenye mikwaju 76 kwa mashimo 18. Upepo ukiwa mkali ndiyo basi kabisa. Nifanye mazoezi gani? Ninunue fimbo za bei zaidi? Huu mtandao wetu wa kusini ndio unaoniangusha? Halafu mdogo wangu anatumia akaunti hiyohiyo, nimkataze?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuniletea namba. Wastani wa 76 kwenye viwanja ambavyo kwa kawaida kiwango chake ni mikwaju 72 maana yake unapoteza minne kila raundi. Mikwaju minne tunaweza kuitafuta mmoja baada ya mwingine mpaka tuione imejificha wapi.

Nianze na hizo raundi zako za usiku. Unazihesabu kuwa mazoezi, na hapo ndipo ulipokwama. Ndani ya raundi moja kila mkwaju una umbali wake, upepo wake, nyasi zake na fimbo yake. Ukikosea shimo la 4 kwa sababu ya upepo wa ubavuni, hali kama ile huenda usiione tena mpaka keshokutwa, na ukiiona utakuwa umeshasahau ulifanya nini mara ya kwanza. Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Watu wengi wameuchukua kama hesabu ya saa tu, kwamba anayetumia saa nyingi ndiye atakayekuwa bingwa. Walichokisisitiza wenyewe ni aina ya saa hizo: mtu yuko peke yake, anashughulikia udhaifu mmoja alioutaja kwa jina, anapata jibu papo hapo kama amepatia au amekosea, kisha anarudia. Simu yako inaweza kukupa hayo yote. Kinachokosekana ni wewe kuamua leo unashughulikia nini.

Na ili uamue, lazima kwanza ujue unaumwa nini. Kabla ya zoezi lolote nakuomba ufanye kipimo kimoja. Nenda uwanja wa mazoezi, chagua fimbo ya chuma namba 7 au yoyote inayokufikisha kama yadi 150, yaani mita 137 hivi. Simama kwenye nyasi fupi, upepo uwe haupo au ni mdogo. Lenga bendera, weka nguvu zilezile, piga mipira 20. Usirekebishe chochote katikati, hata kama mitano ya kwanza imekwenda kushoto. Chora duara kwenye karatasi, weka alama ya bendera, na kila mpira ukitua tia nukta mahali ulipotua. Pembeni andika kama ulibonyeza mapema, kamili au umechelewa, kwa sababu michezo mingi inakuonyesha hilo mara tu baada ya pigo.

Ukimaliza utakuwa na moja ya picha mbili. Huenda nukta zimekusanyika vizuri lakini zote ziko upande mmoja wa bendera. Hapo mkono wako hauna tatizo, kilichokosewa ni hesabu: unalenga vibaya, unaweka nguvu zisizotosha, au simu inachelewesha kila pigo kwa kiasi kilekile. Au huenda nukta zimetawanyika pande zote, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na bendera iko katikati yake. Hapo hesabu ni nzuri, wakati wa kubonyeza ndio haujatulia. Haya ni magonjwa mawili, na dawa ya moja huliongeza jingine.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo linalowaweka wachezaji wengi mahali pamoja miaka na miaka. Mtu ana mtawanyiko wa pande zote. Mpira mmoja umekwenda kulia, basi unaofuata analenga kushoto kidogo. Huo nao unakwenda kushoto zaidi, anarudi kulia. Mwanatakwimu wa Marekani W. Edwards Deming alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili kwa faneli na gololi: kila mara gololi ikitua pembeni ya alama, unaisogeza faneli kufidia. Matokeo yake ni kwamba kufidia kila kosa la bahati huongeza mtawanyiko, hukadiriwa mara mbili kwa variansi, yaani kipimo cha kitakwimu cha mtawanyiko, kuliko kama faneli ingeachwa palepale. Mchezaji anayebadilisha lengo baada ya kila pigo baya anafanya hivyohivyo kwa mkono wake mwenyewe, halafu anasema leo siku si yangu.

Tuanze na kubonyeza, maana maelezo yako yananiambia huko ndiko kwenye tatizo kubwa.

Jicho likiona kitu, mpaka kidole kijibu, hupita kama robo ya sekunde, au pungufu kidogo kwa mtu mwepesi. Tuseme sindano inavuka ukanda wote kwa sekunde moja. Ukisubiri uione imefika kwenye mstari ndipo ubonyeze, utakuwa umechelewa kwa karibu robo ya ukanda. Hakuna binadamu anayepiga vizuri kwa kusubiri. Wanaopiga vizuri wanautarajia mstari: ubongo umeshajifunza mwendo wa sindano na kidole kinaanza safari kabla sindano haijafika. Hii ndiyo sababu mashindanoni mikono inakuwa si yako. Ukiwa mtulivu unaacha mwendo uliouzoea ufanye kazi. Ukiwa na hofu unataka kuhakikisha, unakodoa macho kwenye mstari, unasubiri uuone, na tayari umechelewa. Fungua rekodi zako za mashindano uangalie. Kama makosa yako mengi ya huko ni ya kuchelewa, jibu ndilo hilo.

Zoezi lake ni hili. Tafuta hesabu ya kimoyomoyo inayolingana na sindano, labda “moja, mbili, na” kuanzia inapoondoka, na kidole kishuke kwenye “na”. Piga mipira kumi ukihesabu hivyo huku unaangalia. Kisha kumi mingine, na sindano ikishaanza kurudi hamisha macho uangalie bendera au ukuta wa chumba, ubonyeze kwa hesabu peke yake. Mara za kwanza utapiga ovyo. Endelea. Ukifika mahali ambapo mipira ya kutoangalia inatua karibu sawa na ile ya kuangalia, mwendo umeingia mwilini na hofu ya mashindano itakuwa na nafasi ndogo ya kuuvuruga. Kumbuka kwamba michezo haifanani. Katika WGT (World Golf Tour), iliyoanza mwaka 2008 na inayotumia picha za viwanja halisi, sindano inarudi kwenye mstari baada ya kuweka nguvu. Katika Golf Clash unavuta mpira nyuma kisha unaachia wakati mshale unaoyumba umefika katikati. Hesabu ya mchezo mmoja haifai kwenye mwingine, kwa hiyo usichanganye miwili katika wiki ambayo unajenga mwendo.

Sasa simu, na hapa wewe muuza vifaa una faida kuliko wengi. Skrini inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Ikishuka mpaka fremu 30, ni milisekunde 33. Sindano yenye mstari mwembamba wa katikati inaweza kuuvuka katika fremu mbili tatu tu, kwa hiyo simu ikipunguza fremu, nafasi ya kupatia inapungua bila wewe kufanya kosa lolote. Simu hupunguza kasi ikipata joto, na joto letu la Januari na Februari huku pwani unalijua. Ukicheza huku unachaji ndiyo inazidi. Ondoa chaja, zima ile hali ya kuokoa betri, funga programu nyingine, na kama ulikuwa juani iache ipoe kwanza. Hedifoni za Bluetooth ni adui mwingine aliyejificha: za kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ukiwa umezoea kubonyeza kwa kusikiliza mlio wa mchezo, siku ukizivaa utachelewa kila pigo bila kujua kwa nini. Cheza na spika ya simu au hedifoni za waya, na ukichagua moja usibadilishe.

Je, mtandao wa kusini? Kwa pigo lenyewe, karibu kila mara hauna hatia. Katika michezo ya aina hii simu yako ndiyo inayoiendesha sindano na kupokea kidole, kisha matokeo yanatumwa kwenye seva. Mtandao ukisuasua, utachelewa kufungua uwanja au utatupwa nje katikati ya shindano, na hilo linaudhi, lakini sindano haitasogea kwa ajili hiyo. Wala umbali wetu na Dar es Salaam si kitu: ndani ya waya wa faiba mwanga huenda karibu kilomita laki mbili kwa sekunde, kwa hiyo zile kilomita 560 na ushei zinamalizika katika milisekunde tatu hivi. Ukitaka uhakika, rudia kipimo cha mipira 20 alfajiri mtandao ukiwa mtupu, halafu saa tatu usiku. Ukiona mapema na kuchelewa vinafanana, acha kuulaumu mnara.

Nirudi kwenye uwanja wa mazoezi ambako unasema mpira unakwenda unapotaka. Naamini ni kweli, na ndiyo sababu uwanja huo umekudanganya. Ukipiga mpira uleule mara thelathini mfululizo, baada ya mara tano sita hufikirii tena. Unanakili pigo lililopita. Mashindano hayakupi pigo lililopita la kunakili. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kuangusha vizuizi vidogo kwa mkono. Kundi moja lilimaliza mfuatano mmoja ndipo likaingia mwingine, kundi la pili lilichanganyiwa yote. Wakati wa kujifunza kundi la kwanza lilikuwa bora. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, Robert Kerr na Bernard Booth waliwapa watoto vifuko vya kurusha kwenye alama. Baadhi walijizoeza kwa umbali wa futi 3 tu, wengine kwa futi 2 na futi 4 bila kugusa futi 3. Siku ya mtihani, umbali ukiwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi walikuwa wale ambao hawakuwahi kujizoeza kwa umbali huo.

Kwa hiyo mipira 20 ya aina moja iache iwe ya kipimo, au ya siku za mwanzo unapotafuta mwendo wa sindano. Baada ya hapo changanya. Mpira wa kwanza chuma namba 7, wa pili weji, ile fimbo ya mapigo mafupi ya juu, kutoka kwenye mchanga, wa tatu fimbo ndefu ya kuanzia, wa nne kusukuma mpira shimoni kutoka futi 12 kwenye mteremko. Usirudie pigo hata kama umekosea vibaya. Andika, nenda linalofuata, utarudi baadaye. Itakuchukiza, kwa sababu utaonekana umeshuka kiwango. Vumilia hilo. Hisia ya kwamba mazoezi yanakwenda laini ndiyo iliyokuweka kwenye 76.

Upepo sasa, na hapa nataka tukae, maana nadhani mikwaju miwili kati ya ile minne inapeperukia huku.

Mtu wa pwani aliyekulia kati ya kusi na kaskazi ana mwanzo mzuri. Nahodha wa ngalawa pale Mikindani haulizi tu upepo una nguvu kiasi gani. Anauliza unatoka omo, tezi au ubavuni, kwa sababu upepo wenye nguvu zilezile unamrudisha, unamsukuma au unamtoa njiani. Wachezaji wengi wa gofu ya simu wanaisoma namba peke yake. Wanaona 14 wanatishika, wakati 14 wa nyuma ni zawadi na 14 wa ubavuni ni hesabu nyingine kabisa.

Ichukulie skrini kama uso wa saa ya ukutani, bendera ikiwa kwenye 12. Mshale wa upepo ukielekea 12, upepo wote unausukuma mpira mbele. Ukielekea 3 au 9, wote ni wa kando. Ukielekea 1, nusu ya nguvu zake inakwenda kando na karibu asilimia 87 inakwenda mbele. Ukielekea 2, kinyume chake: asilimia 87 kando, nusu mbele. Ukiwa katikati kabisa ya 1 na 2, asilimia 70 hivi kila upande. Mfano, upepo wa maili 14 kwa saa unaoelekea 1: kando ni 7, mbele ni 12. Upepo huohuo ukielekea 2: kando 12, mbele 7. Ni hesabu ya pembe tuliyoisoma sekondari, na kwa namba hizi huhitaji kikokotoo. Upande wa chini wa saa ni vilevile, ila badala ya kusukuma mbele unasoma kurudisha nyuma.

Kinachobaki ni kujua kila maili moja ya upepo inausogeza mpira wako kiasi gani, na hilo hakuna anayeweza kukupa kwa sababu linatofautiana kwa mchezo, kwa fimbo na kwa mpira. Lazima ulipime mwenyewe. Chukua fimbo moja, lenga bendera bila kufidia chochote, piga katika pepo tofauti, na kila mara andika sehemu ya kando ya upepo na umbali ambao mpira umetua kando ya bendera. Hesabu tu mapigo uliyobonyeza kamili. Mengine yachane, yanachanganya kosa la kidole na kazi ya upepo. Baada ya mapigo kumi safi utaona uwiano wenyewe. Kama upepo wa kando wa 6 umeusogeza mpira yadi 9, na wa 10 ukausogeza yadi 15, basi kwa fimbo hiyo ni yadi moja na nusu kwa kila maili. Andika hiyo namba kwa wino. Fanya hivyo kwa fimbo nne tu kwanza: ndefu ya kuanzia, chuma namba 7, chuma namba 9, na weji unayoitumia zaidi. Mfuko unaruhusiwa fimbo 14, lakini ukizijua nne hizo nyingine utazikadiria kati yake.

Mambo mawili ya kutegemea kuyaona. Mpira wa juu unakaa hewani muda mrefu, kwa hiyo unapeperushwa zaidi. Pigo la chini ni kimbilio zuri siku ya upepo mkali. Pia katika gofu halisi upepo unaotoka mbele hukata umbali zaidi ya ule ambao upepo unaotoka nyuma wa nguvu hizohizo huongeza, na michezo iliyotengenezwa kwa uangalifu hufuata hivyo. Kwa hiyo usitumie namba moja kwa pande zote mbili. Pima unaotoka mbele peke yake, unaotoka nyuma peke yake. Ardhi ya juu na ya chini ipime kwa njia hiyohiyo, fimbo moja, pigo kamili tu.

Kwenye grini, yaani ile nyasi fupi sana inayozunguka shimo, nitakuwa mfupi kwa sababu kuna habari njema. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, alichambua mikwaju ya PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, na kuonyesha kwamba wachezaji wa kulipwa wenyewe, kwa umbali wa futi 8, yaani mita mbili na nusu hivi, hutia shimoni karibu nusu tu. Akaonyesha pia kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya walio bora na wengine inatokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimoni. Hiyo ni gofu ya nyasi halisi, na kwenye simu, ambako mstari wa mteremko unachorwa mbele ya macho yako, mchezaji hodari hutia nyingi zaidi. Hata hivyo linakupa kipimo cha haki. Ukikosa futi 20 usisononeke. Jiulize mpira umesimama wapi: ukiwa umebaki chini ya futi 2, umepiga vizuri. Kama umebaki futi 6, ulikosea nguvu, na nguvu ndiyo ya kufanyia mazoezi kabla ya mwelekeo. Changanya futi 6, 15, 30, kupanda na kushuka, kila mpira tofauti. Na kila mara andika kasi ya grini iliyoonyeshwa, maana nguvu zilizotosha kwenye grini ya polepole zitakupitisha mbali kwenye ya haraka.

Sasa daftari, maana bila hilo yote niliyosema yatayeyuka. Chukua la kurasa 48, la kawaida. Kila raundi ya kweli, kwa kila shimo ulilozidisha mikwaju ya kiwango chake, andika mstari mmoja tu: shimo, mkwaju gani ulikupotezea, na sababu moja kati ya nne, yaani kidole, upepo, nguvu ya grini, au uamuzi. Uamuzi maana yake ulipiga ulichokusudia, lakini ulichokusudia kilikuwa kibaya, kama kulenga bendera iliyo nyuma ya mchanga wakati katikati ya grini kuna nafasi tele. Usiandike zaidi ya hapo, utachoka uache. Baada ya raundi sita hesabu. Safu yenye alama nyingi ndiyo kazi yako ya wiki inayofuata, na nyingine zote zisubiri.

Muda wako ni baada ya kufunga duka, na msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, najua wateja wanaongezeka na unarudi umechoka. Usilazimishe saa mbili. Dakika 30 kila siku zinazidi saa tatu za Jumapili moja. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus ya mwaka 1885 inajulikana kwamba kujifunza kulikotawanywa katika siku kadhaa hukaa kichwani kuliko kulikorundikwa. Dakika tano za mwanzo ni za kutafuta hesabu ya sindano. Ishirini ni za kazi ya wiki, mapigo yamechanganywa. Tano za mwisho cheza mashimo mawili matatu kana kwamba ni fainali: mpira mmoja, hakuna kurudia, matokeo yanaandikwa. Siku tano fanya hivyo, siku ya sita cheza raundi nzima ya mashindano, siku ya saba pumzisha macho. Ukijisikia umechoka kiasi kwamba unabonyeza ili umalize, zima. Pigo la uchovu nalo hujifunzwa.

Fimbo za bei zaidi: usinunue sasa. Fimbo mpya mara nyingi huja na umbali mpya, na katika michezo mingine na mwendo tofauti wa sindano, kwa hiyo itafuta hesabu uliyojenga na namba zote za upepo ulizopima. Kama nukta zako zimetawanyika kwa sababu ya kidole, fimbo ndefu itazitawanya mbali zaidi. Subiri mpaka daftari lionyeshe kwamba unapatia kamili na bado hufikii grini. Hapo unanunua kitu unachokijua kwa jina. Na nakuonya kama kaka: usifanye mazoezi kwenye meza za kuweka sarafu ili ushindane. Mchezo unakuwa unakulipisha kwa kila kosa la kujifunza, sarafu zikiisha unashawishika kununua nyingine kwa pesa ya duka, na pesa ya duka ina kazi yake.

Kuhusu mdogo wako, usimkataze kucheza, mfungulie akaunti yake. Wastani wa 76 ulioniandikia ni wenu wawili, na huenda wewe peke yako ni 74 au 78; hatuwezi kujua. Michezo mingi pia huwapanga wachezaji madaraja kwa wastani huo, kwa hiyo anaweza kukupandisha mahali ambapo umbali na grini bado ni vigumu kwako, au kukushusha. Akishakuwa na akaunti yake, mpe kazi ya kukushikia daftari siku za kipimo: wewe unapiga, yeye anatia nukta, na usiziangalie mpaka mpira wa 20 utue.